Gabon walifunga mulango wa magogo, sisi tuliandika sheria

Mu mikutano ya sendika huku Katanga, kila mara kuko mutu mumoja anayesimama na kusema: serikali ikataze mali kutoka mbichi, ifunge mupaka, kila kitu kitengenezwe hapa hapa, na kazi itapatikana. Batu wanapiga mikono. Na mimi napiga, maana anasema kweli. Jiwe linapita Kasumbalesa kwa bei ya jiwe, linarudi kwa bei ya betri ya telefone. Lakini kisha mikono kutulia naulizaka swali ambalo halipendezi: kufunga, sawa, nani atafunga? Na mwezi wa kwanza kisha kufunga, nani atalipa mushahara?

Kuko inchi mbili za pori moja ambazo zimekwisha kulijibu swali hilo, kila moja kwa njia yake. Hazikulijibu kwa shaba wala kwa kobalti. Zililijibu kwa mbao. Moja ni Gabon, ya pili ni yetu. Ndugu wa migodi wasinikasirikie nikiwapeleka kwenye pori. Biashara ya miti ngumu ni ya zamani kuliko biashara yetu ya kobalti ya leo, na makosa yake yamekwisha komaa, unaweza kuyachuma na kuyaangalia mukononi.

Tuanze na maji, maana mambo yote yalianzia kwenye maji.

Gabon ilipata bahati ya muti mumoja unaoelea, okume, ule Wafaransa wanaandika okoumé. Wenye biashara wanauhesabu pamoja na miti ngumu, ingawa ukibeba ubao wake unashangaa vile uko mwepesi. Tangu mwisho wa karne ya 19 watu walikata okume karibu na mito, wakafunga magogo pamoja, na muto Ogooué ukayashusha mpaka Port-Gentil, baharini, bila barabara na bila reli. Tena okume inamenyeka vizuri. Gogo linazungushwa mbele ya kisu kirefu, linatoa karatasi nyembamba ya mbao, na karatasi hizo zinagandishwa moja juu ya ingine, njo tripleksi ile tunatengeneza nayo milango na plafo. Viwanda vya Ulaya viliipenda sana. Kisha vita ya pili ya dunia kiwanda kikubwa cha tripleksi kilijengwa Port-Gentil penyewe. Mbele ya petroli kuchukua nafasi ya kwanza, uchumi wa Gabon ulisimama juu ya okume.

Sisi tulipewa muto mukubwa zaidi, lakini muto uliokatika. Gogo linaweza kushuka toka Tshopo, toka Équateur, toka Maï-Ndombe mpaka Kinshasa. Chini ya Kinshasa maji yanaanguka, na hakuna mashua inayopita pale. Sherti gogo litoke majini, lipakiwe kwenye treni ao kwenye kamio, lifanye karibu kilomita 350 mpaka Matadi, ndipo lione meli. Tena miti yetu ya bei, wenge na afromosia, ni mizito. Ukiitupa majini ingali mibichi inazama, sherti ibebwe juu ya baji ao ifungwe pamoja na miti miepesi. Kwa hiyo tangu wakati wa Mubelgiji mbao ya Kongo ilifika baharini ikiwa imekwisha kula makuta mingi njiani, na ni miti ya bei kubwa tu iliyoweza kulipa safari hiyo.

Njo maana hesabu inashangaza. Mbele ya kufunga mulango, Gabon, inchi ya watu wasiofika hata milioni mbili na nusu, ilikuwa inauza inje zaidi ya metri kibiki milioni 1.5 za magogo kwa mwaka. Makampuni yetu yenye konsesioni, mu pori ambalo ni kubwa kuliko lote la Afrika, tangu vita iishe yanakata laki mbili tatu hivi za metri kibiki kwa mwaka, magogo na mbao pamoja. Mutu akikuambia Kongo ni muuzaji mukubwa wa mbao, anachanganya pori na biashara.

Gabon iliongeza reli. Transgabonais ilifika Franceville mwaka 1986, ikibeba manganezi ya Moanda na magogo ya miti ambayo muto haukuweza kuibeba. Sisi wa migodi tunajua reli ya namna hiyo: inajengwa kwa ajili ya jiwe, kisha kila mufanyabiashara anatafuta vago yake. Na mu miaka iliyofuata mununuzi mukubwa akabadilika. Ulaya ilikuwa inachagua, inauliza makaratasi. China ilinunua magogo kwa wingi, ilikuwa na viwanda vyake na watu wake wa kuyamenya. Kila meli iliyotoka Owendo na magogo ilibeba na kazi ya watu wa Gabon ndani yake.

Sasa angalia tarehe. Sheria ya pori ya Gabon ni ya tarehe 31 Desemba 2001. Ya kwetu, sheria namba 011/2002, ni ya tarehe 29 Agosti 2002. Miezi nane tu katikati. Zote mbili zinasema mbao itengenezwe mu inchi. Ya kwetu iliandikwa waziwazi, mu artikle 109: magogo yanaweza kuuzwa inje na mwenye konsesioni aliye na kiwanda kinachotumika, ao na mukataji wa hapa inchini, kwa muda wa miaka 10 tu tangu kazi kuanza, na yasipite 30 kwa mia ya yale anayokata kwa mwaka. Nasoma artikle hiyo nafurahi. Ni sheria ya watu wenye akili.

Basi kwa miaka kadhaa sheria zote mbili zililala kitanda kimoja. Gabon iliendelea kutoa magogo, sisi tuliendelea kutoa magogo. Ali Bongo alipoingia, mu mwezi wa 11 mwaka 2009, serikali yake ikatangaza: magogo hayatoki tena. Mwaka 2010 mulango ulifungwa. Wenye makampuni walilia, walisema hawakupewa muda wa kununua mashini, na kwa sehemu walikuwa na haki. Uzalishaji ulishuka. Serikali ilipoteza kodi ya magogo. Wafanyakazi wa pori na wa bandari walirudishwa nyumbani, na hao hawakuwa wameulizwa kitu. Sehemu hii wapenzi wa kufunga mipaka hawaielezake mu mikutano.

Kisha Gabon walifanya kitu ambacho sisi hatujafanya mpaka leo: walitayarisha mahali. Serikali ilipatana na kampuni ya Olam ya Singapore, wakafungua eneo la viwanda la Nkok, kilomita 27 hivi toka Libreville. Barabara, umeme, maji, na ofisi za serikali pamoja pale pale ili mutu asizunguke na makaratasi. Viwanda vikaingia, vingi vya Wachina na Wahindi, vya kupasua, kukausha, kumenya. Leo Gabon ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa Afrika wa karatasi za mbao za tripleksi. Gogo ambalo zamani lilikuwa linapanda meli zima zima, sasa linapita kwanza mu mikono ya mutu wa pale.

Sitaki musomaji afikiri Gabon ni paradiso. Mukataze magogo, biashara ya wizi inahama tu. Muti wa kevazingo, wenye mbao nyekundu ya bei kali sana Asia, ulikatazwa kukatwa mwaka 2018. Mwaka 2019 makontena yaliyojaa kevazingo yalikamatwa Owendo, na kisha kukamatwa, 353 yakapotea. Makontena 353, ndugu yangu. Si kalamu. Mu mwezi wa tano wa mwaka huo makamu wa rais na waziri wa pori walifukuzwa kazi. Unaweza kusema ni haya kwa serikali, na ni kweli. Lakini mimi naangalia pia upande wa pili: kulikuwa mahali pa kuhesabia, mutu alihesabu, hesabu ikakosa kufika, na wakubwa wakatoka. Huku kwetu makontena ngapi yamepotea, wewe unajua? Hata mimi sijui, maana hakuna aliyehesabu.

Turudi nyumbani. Mwezi wa tano 2002 serikali yetu ilisimamisha kutoa konsesioni mpya, na mwaka 2005 dekre ya rais ikakaza neno hilo. Nia ilikuwa nzuri, kusafisha kwanza kile kilichotolewa wakati wa vita. Makaratasi 156 yalichunguzwa, mwanzo wa 2009 komisioni ikakubali 65. Kisha? Konsesioni ziliendelea kutolewa kwa mulango wa nyuma, chini ya waziri huyu na yule, wa chama hiki na kile. Si mimi ninayesema. Ni IGF, waangalizi wa feza za serikali yenyewe, mu raporo iliyotoka mwaka 2022. Mwezi wa kumi 2021 rais alikuwa amekwisha kuomba mikataba yote yenye mashaka isimamishwe. Mwezi huo huo Waziri Bazaiba alitangaza kwamba Kongo nayo itakataza magogo. Ilikuwa miaka 19 kisha artikle 109. Mutu anatangaza kama kitu kipya jambo ambalo sheria yake mwenyewe imekwisha kuliwekea mupaka wa 30 kwa mia na miaka 10! Hakuna aliyemuuliza: mama waziri, ile ya kwanza iliishia wapi?

Na hayo yote ni ya magogo yanayopita Matadi na Boma, yale yenye karatasi. Sehemu kubwa ya mbao ya Kongo haikatwi na makampuni. Inakatwa na vijana wenye mashini ya mukono, inapasuliwa pale pale porini, inabebwa kwa kichwa, kwa pikipiki, kisha kwa kamio. Mbao ya Ituri na ya upande wa Beni inatoka Kasindi, Mahagi, Aru, inaingia Uganda, na nyingi inaendelea mpaka Kenya. Mutu wa Nairobi analalia kitanda cha Mambasa bila kujua. Sawa, hiyo imepasuliwa, haiko gogo, wapenzi wa sheria watasema imetengenezwa hapa. Lakini kijana aliyeipasua hana mukataba, hana glavu, hana daktari, na kodi yake ililipwa kwenye vizuizi vya barabara, mikononi mwa wenye silaha, si mu kasha la serikali.

Sisi wa Katanga tuko na somo letu wenyewe, na linaitwa mukula. Wazee wanaujua: ukiukata unatoa maji mekundu kama damu, na unga wake mwekundu ni wa dawa na wa sherehe. Kwa biashara haukuwa kitu. Wachina wenye pesa walipoanza kutafuta mbao nyekundu ya kutengeneza viti na makabati ya heshima, ile miti yao ya zamani ikiwa karibu kwisha, mukula ikafanana nayo vya kutosha. Zambia iliguswa kwanza. Kisha upande wa Kasenga na Pweto vijiji viliamka asubuhi vikakuta kamio mbele ya nyumba ya chifu. Karatasi ya kukata ya artizana, kwa sheria, ni ya Mukongomani. Basi walitafuta Mukongomani wa kuandika jina lake, na makuta yakatoka kwa mugeni. Kijana alilipwa kwa gogo bei ambayo haifike hata ya gunia moja ya unga, na muti ule ulichukua miaka makumi kukua.

Hapa njo tunaona vile inchi mbili jirani zinaweza kuharibiana. Zambia ilikataza mukula, ikafungua, ikakataza tena, mwaka 2017 ikaweka biashara mikononi mwa shirika lake, ZAFFICO. Kila mara mulango wa upande mumoja ulipofungwa, gogo lilibadilisha uraia. Gogo la Zambia likawa la Kongo kwa makaratasi, la Kongo likawa la Zambia. Mwaka 2017 makamio ya mukula toka kwetu yalikamatwa kule Zambia, na wenyeji wakagombana kwa wiki nyingi ni mali ya nani. Ilisaidia kidogo pale mukula ilipoingia mu orodha ya pili ya CITES, mwezi wa 11 mwaka 2019: toka siku hiyo inchi inayouza sherti itoe karatasi inayosema muti hautakwisha. Afromosia iko mu orodha hiyo tangu 1992. Lakini karatasi inasainiwa na mutu, na sisi tunajua bei ya saini.

Batu wataniambia: Kamarade, unalinganisha vitu visivyolingana. Gabon ni ndogo, haijapigwa vita, iko na reli moja na bandari mbili. Ukiweka duaniye waaminifu watano umefunga inchi. Sisi tuko na mipaka na inchi tisa. Nakubali. Tena nakubali zaidi yenu: katazo la magogo peke yake, kesho asubuhi, huku kwetu lingepeleka magogo yote Uganda na Zambia. Lakini ukubwa wa inchi hauelezi kila kitu. Haukutuzuia kukumbuka artikle moja. Haukutuzuia kujenga Nkok moja, hata moja tu, Kisangani ao Maluku, yenye umeme usiokatika. Kiwanda cha kukausha mbao kinataka moto usiku na mchana. Mbao isiyokaushwa vizuri inapindika kwenye meli, na mununuzi anaikataa. Tunaongea juu ya pori la mamilioni ya ekari, na tatizo liko mu waya wa umeme.

Na waya huo tunaujua. Mwaka 2007 gavana wa Katanga alikataza kobalti mbichi kutoka, na ilizaa fuu na viwanda vidogo mingi. Mwaka 2013 mawaziri wakakataza konsantre ya shaba na kobalti isitoke. Amri ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena, kila mara kwa neno moja: umeme hautoshi. Ni kweli haukutosha. Lakini kila kusogeza kulikuja na ruhusa za pekee, na ruhusa ya pekee ni mali. Kampuni inayoipata inauza, isiyoipata inafunga. Njo sawasawa na mbao: sheria ngumu, na pembeni yake dirisha ndogo la kutokea, na mutu amekaa kwenye dirisha.

Sasa tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kobalti yetu inatoka kwa kota, kisha kufungwa kabisa tangu mwezi wa pili wa mwaka huo. Tani 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile 2027. Bei imepanda, na serikali inafurahi, na mimi siisemi vibaya kwa hiyo. Gabon nayo imejifunza kitu toka magogo yake: mwaka 2025 ilitangaza kwamba manganezi mbichi haitatoka tena kuanzia tarehe 1 Januari 2029. Safari hii ilitoa miaka zaidi ya mitatu ya kujitayarisha, wakati kwa magogo ilikuwa miezi. Wafanyakazi wa Moanda wako na muda wa kuuliza maswali. Wa Kolwezi waliamka wakakuta imekwisha fungwa, na wengine wakaambiwa wapumzike nyumbani bila kulipwa.

Kitu kimoja hakikuandikwa Gabon mwaka 2009, na hakikuandikwa kwetu mwaka 2002 wala 2013: mufanyakazi. Sheria zote zinasema gogo litengenezwe hapa, jiwe lichomwe hapa. Hakuna inayosema kwa mukataba gani. Najua fuu moja ya huku kwetu, jina nalibakisha, ambayo ilifunguliwa na muziki na hotuba juu ya kazi kwa vijana. Kisha miaka miwili vijana wale wale walikuwa bado jurunaliye, mukataba wa siku, chini ya mukubwa wa sutretansi asiyejua majina yao. Jiwe lilikuwa limechomwa Kongo, ni kweli. Deleges wa sendika wangekuwa kwenye meza siku ruhusa ilipotolewa, wangeomba mambo ya kawaida tu: miezi ngapi mbele ya mukataba wa kudumu, nani analipa hospitali, nani anafundishwa mashini. Ni rahisi kuomba mbele ya saini. Kisha saini unaomba kwa kupiga gereve.

Wabunge wetu wa Katanga wanaporudi Kinshasa kwa sesioni, wasilete kwanza sheria mpya. Walete orodha mbili. Ya kwanza: kila aliyepewa ruhusa ya pekee kutoa magogo kupita artikle 109, tangu siku ile miaka kumi ilipokwisha. Ya pili: kila aliyepewa ruhusa ya pekee kutoa konsantre tangu 2013, na kila aliyepewa kota ya kobalti sasa, pamoja na hesabu ya wafanyakazi wake wenye mukataba wa kudumu. Majina, tarehe, tani, saini ya nani. Orodha zote mbili zinaweza kuingia mu ukurasa mumoja wa gazeti hili, na nafasi tutaitafuta.